Nilifyeka televisheni ya bibi

Leo siongei habari za mapenzi, ingawa najua wapo watakaolikunja gazeti hapa hapa. Leo naongea habari za maua. Tena siyo yale ya plastiki ya Kariakoo, ambayo sisi vijana wa mjini tunayanunua tarehe 14 Februari na mwaka unaofuata tunamnyang'anya mwenyewe, tunayapangusa vumbi na kumpelekea mwingine. Naongea habari za ua la porini, gugu kwa jina la mtaani, ambalo nusura livunje ndoa yangu.

Ndiyo, ndoa. Si unajua tena utani wa bibi na mjukuu? Bibi yangu mzaa mama, mkazi wa Nachingwea, hajawahi kuniita kwa jina langu tangu nipate akili. Kwake mimi ni "mume wangu". Hata mbele ya wageni atasema, "Mume wangu amefika kutoka Dar, mwoneni alivyokonda, hao wake zake wa mjini hawampikii." Nami najibu mapigo, tunacheka, maisha yanakwenda.

Basi bwana, mwisho wa Aprili 2024 nilipanda basi pale Mbagala kwenda kumsalimia. Mpango wangu ulikuwa siku tano tu halafu nigeuze. Nilimkuta miguu imeshamkataa. Anashinda kwenye baraza ya uani, kwenye kiti cha kamba, mkongojo pembeni, kutoka asubuhi mpaka jua linapozama. Televisheni hana. Redio anayo lakini betri zake zilikuwa zimevuja zamani, zikala hata vile visahani vya ndani. Nikamwonea huruma, nikajisemea moyoni, masikini bibi, siku nzima anaangalia bafu na choo.

Nyuma ya lile bafu, pale maji ya kuoga yanapotiririka na kukutana na maji ya mvua kuelekea bondeni, kulikuwa na pori. Pori la kweli kweli. Mashina yamenipita urefu, na mimi siyo mfupi. Ukilishika shina lina pembe nne, utadhani seremala amelipiga randa. Majani yanafanana kidogo na ya kivumbasi, na kumbe ni ukoo mmoja. Kila baada ya shibiri moja hivi shina limetoboa fundo la mviringo lenye miba, saizi ya mpira wa tenisi, halafu linaendelea juu linatoboa jingine, na jingine, kama mshikaki wa mipira. Kwenye hayo mafundo ndipo inapochomoza mirija ya rangi ya chungwa, ina manyoya laini kama mahameli. Nikiri, sikuona uzuri wowote. Niliona nyoka. Mama mdogo, anayekaa na bibi, alishaniambia kwamba kuna mmoja alionekana karibu na bafu, na mbu wa pale walikuwa hawasemeki.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatua pwani yetu. Mvua ikamwagika kama imefunguliwa koki, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa. Mabasi yakakwama, ya huku yakabaki huku, ya kule kule. Siku tano zangu zikaisha, nauli ya kurudi imo mfukoni, na gari hakuna. Kijana wa mjini asiye na kazi, ndani ya nyumba ya watu, anakula ugali wa bure asubuhi, mchana na jioni. Aibu ilinishika. Siku mvua ilipopumua nikauliza, "Mama mdogo, fyekeo lipo wapi?"

Kufyeka najua. Sisi tuliopita sekondari za serikali hiyo ndiyo digrii yetu ya kwanza, ukichelewa namba unapimiwa eneo. Bibi siku hiyo alikuwa amelala ndani, baridi ya mvua ilikuwa imemwingia kifuani. Nikavua shati. Kwa saa mbili hivi nikawa nimelala nayo sambamba, mashina yananguka kama watu waliolewa. Nilipomaliza pakawa peupe, unaona moja kwa moja mpaka bondeni. Nikasimama mikono kiunoni, nikajiona 'bomba' kweli kweli. Mama mdogo akafurahi, "Sasa hata nyoka akipita tutamwona."

Alasiri bibi akatolewa nje, akakalishwa kwenye kiti chake. Akainua uso, akatazama. Akatazama tena. Mimi nasubiri sifa zangu.

"Ahsante kwa kazi, mgeni," akasema.

Mgeni! Miaka yote hiyo ni "mume wangu", leo mgeni. Nikadhani ni utani mpya, nikacheka. Hakucheka.

Kesho yake asubuhi nikaelewa. Nilikuwa napiga mswaki pale uani nikamwona ndege mdogo, mweusi kama mkaa, kifua chekundu cha kuwaka, na kwenye paji la uso ana kijani kinachometa kama rangi ya baiskeli mpya. Ni chozi, dume. Akaja mbio moja kwa moja mpaka pale lilipokuwa pori, kwenye usawa ule ule wa yale mafundo, akapigapiga mabawa hewani, hakuna kitu. Akazunguka akarudi pale pale. Kisha akatua kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaanza kulalama, tsip, tsip, tsip. Jike lake likaja, rangi ya udongo tu, nalo likatua pembeni. Mimi na mswaki mdomoni, bibi kwenye kiti, wote tunawaangalia. Siku ya pili wakaja tena, wakakaa kidogo. Siku ya tatu hawakuja.

Mama mdogo ndiye aliyenifungua macho, tena kwa aibu kwa sababu na yeye alinishangilia. Tangu miguu ikatae, kazi ya bibi ilikuwa hiyo. Anajua yupi dume, yupi jike, nani mgomvi, nani anamfukuza mwenzake kwenye fundo la juu. Akipata mgeni anamsimulia. "Wewe bwana," akaniambia, "umemzimia mama yangu televisheni."

Wee acha tu. Nilitamani barabara ifunguke usiku ule ule.

Zilipita kama siku nne ndipo bibi akanisemesha zaidi ya salamu. Akanisimulia utoto wake, siku Wazungu walipokuja na matrekta makubwa, kelele usiku na mchana, miti inang'olewa na mizizi yake, watu wazima wanashangaa na watoto wanakimbia. Hilo siyo hadithi ya kubuni, msomaji, ndiyo ule mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza. Ulianza 1947, ukachagua sehemu tatu za Tanganyika, yaani Kongwa, Urambo na hii Nachingwea. Baada ya vita Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Wakasafisha mapori, wakajenga reli kutoka Mtwara kuja Nachingwea, na karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafa. Reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 1960, leo mtoto wa Nachingwea ukimwambia hapa palikuwa na treni anakuona muongo.

"Na wao," bibi akamalizia, "walisema wanasafisha."

Nikainama. Shikamoo yangu ya usiku huo aliipokea, lakini "marahaba, mgeni".

Nikajaribu kusuluhisha kijana wa mjini anavyosuluhisha, kwa pesa. Nikanunua miche miwili ya mawaridi kwenye makopo, nikaipanga mbele ya baraza. Mmoja ukaliwa na mbuzi. Wa pili ukatoa ua zuri, linanukia, bibi akalishukuru kwa adabu. Chozi hata mmoja hakutia mguu. Ndipo nikaanza kupekua kwenye simu, maana biolojia yangu iliishia kidato cha nne, tena ilikuwa ya kukariri.

Kumbe ndege hawa hawafuati harufu. Wanafuata rangi na kinywaji. Waridi linanukia, lakini ndani hamna cha kunywa. Lile gugu langu jina lake la kitaalamu ni Leonotis nepetifolia, na Leonotis maana yake ni sikio la simba, kwa ajili ya ile mirija yenye manyoya. Ni Mwafrika huyu. Mwaka 1753 bwana Linnaeus wa Sweden, yule aliyekuwa anagawa majina kwa kila kiumbe, alishamwandika kwenye kitabu chake, tena kwa jina jingine. Ukiliangalia ua lenyewe utaona limeshonwa kwa kipimo cha chozi. Mrija mrefu umepinda kama mdomo wake ulivyopinda, mdomo wa chini wa ua ni mfupi na unanyauka haraka, kwa hiyo nyuki hana kizuri cha kutua. Chozi anakanyaga fundo au shina, anainamisha kichwa, anakunywa, na ile unga ya ua inampaka utosini. Anaondoka nayo kwenda kwenye ua jingine. Analipa bila kujua kwamba analipa.

Halafu nikakutana na jambo lililonifanya nikae kitako kitandani. Kule Marekani hawana chozi. Wana ndege mvumaji, ukoo tofauti kabisa, aina zaidi ya 300, na wote wako bara la Amerika tu. Huyo hatui. Anasimama hewani, mabawa yanapiga mara makumi kwa sekunde moja, unasikia mvumo. Wana ua lao maarufu jekundu, Lobelia cardinalis, limeitwa hivyo kwa ajili ya nguo nyekundu za makardinali. Linapenda matope ya kandoni mwa vijito, na wavumaji wanalifia. Sisi ndugu zake tunao juu Kilimanjaro, lobelia kubwa inayohifadhi maji katikati ya majani yake, na wateja wake ni chozi wa milimani. Watu hawa hawakukutana, wala ndege hawa hawakukutana, lakini wote wamefikia biashara ile ile: mrija, rangi ya moto, sukari.

Na gugu la bibi? Lilivuka bahari likafika Brazili, likafika visiwa vya Karibi, likafika mpaka kusini ya Marekani. Trinidad wanaliita shandilay, wanachemsha majani yake kwa ajili ya kikohozi. Na wale wavumaji, ambao babu zao hawakuwahi kuliona, wanalinyonya kama vile liliumbwa kwa ajili yao. Yaani ua la nyuma ya bafu la Nachingwea lina mashabiki Amerika, halafu mimi nimelilaza chini kwa saa mbili ili nionekane nina faida.

Barabara ilipotengemaa sikuondoka. Nilijipa sababu ya msimu wa ufuta, na kweli nilipata vibarua vya kubeba magunia, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuondoka nikiwa mgeni. Tatizo, nilipotaka mbegu zake sikuziona. Unaweza kucheka, gugu linakosekanaje? Lakini Agosti Nachingwea kila mtu anasafisha chini ya mikorosho, anafagia kama sebule, ili korosho zikianguka zionekane. Kingo za mashamba nazo zimepigwa moto. Nikipita na mfuko wangu naulizia gugu, watu wananiangalia kama mtu aliyedata.

Nililipata Ruangwa, tena bila kulitafuta. Safari yenyewe ilikuwa ya mpira, ligi ilikuwa inaanza na Namungo wana uwanja wao kule. Tulifika mapema, jua kali, wenzangu wakakaa kwenye kivuli na soda, mimi nikateremka bondeni kutafuta pa kunawa lile vumbi jekundu. Kulikuwa na bustani ya mchicha na matembele, matuta yamenyooka, na dada mmoja wa rika langu anamwagilia kwa kopo la maji. Mwisho wa matuta, pale maji yanapozama, ukuta mzima wa rangi ya chungwa! Mafundo ya chini yameshakauka, ya juu bado yanawaka, na chozi watatu wanagombana.

"Mambo, dada."

"Poa, kaka. Karibu mboga."

"Mboga nitachukua. Yale kule unauzaje?"

Akageuka kuangalia ninapoonyesha. Akaweka kopo chini ndipo akacheka vizuri. "Umetoka Dar kuja kununua magugu?"

"Nimetoka Nachingwea."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Nikamsimulia yote, mpaka "mgeni". Alipofika kwenye ile sehemu ya ndege kulalama kwenye kamba hakucheka tena. Akaniambia yeye ule mstari hafyeki kwa sababu wale ndege wakishiba asali wanapita kwenye matuta wanaokota vidudu na buibui, hasa wakiwa na makinda. Halafu akasema kwa sauti ya chini kidogo, kama anaona haya, kwamba pale anashinda peke yake kutwa nzima na wale ndio wenzake wa kuongea nao. Nikamkumbuka bibi.

Alikata mafundo sita makavu kwa kisu. Nilijifanya mwanaume nikayapokea kwa mkono mtupu, miba ikanionyesha. Akayafunga kwenye gazeti, siyo hili letu, la wapinzani, angalau limepata kazi ya maana. Pesa akakataa, nikanunua mchicha fungu nne kwa nguvu. Na akanipa onyo ambalo nakupa na wewe kama ulivyo: usilipande katikati ya shamba, likikolea hili halina adabu. Hakukosea, huko Australia limewaingia mashambani mpaka wameliweka kwenye orodha ya magugu. Namba ya simu ya yule dada niliipata pia, ila hiyo ni habari ya wiki nyingine.

Mpira niliuangalia nikiwa na gazeti la miba mapajani.

Bibi alilifungua lile furushi, akatikisa fundo moja juu ya kiganja, vimbegu vyeusi vikamwagika. Nikasubiri. Akasema, "Weka kwenye kopo, juu, panya wasifike." Hakuniita mgeni. Hakuniita chochote.

Nilirudi Dar Septemba. Mama mdogo aliwasikiliza wote wawili, bibi na nyoka, akakata shauri kama hakimu: mbegu zitakwenda chini zaidi, ng'ambo ya uzio, pale maji yanapojikusanya, na kati ya pale na bafu pafagiliwe kila wiki. Mvua za kwanza za Desemba 2024 zikaja, akazimwaga. Kila nikipiga simu naulizia, zimeota? Zimeota. Zimefika wapi? Kwenye kifundo cha mguu. Kwenye goti.

Februari 2025 zikiwa kwenye goti, bibi akalazwa. Kifua kile kile. Wiki mbili. Msomaji wangu, mimi nina mdomo mrefu lakini siku zile niliandika safu mbili za vichekesho huku nahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, labda Mei ndipo zitoe maua. Nilikuwa naomba Mungu asinifanyie hesabu ya mbaya. Mama mdogo akipiga simu usiku nilikuwa naiacha ilie kwanza mara mbili tatu, naogopa kupokea.

Akaruhusiwa. Akarudi kwenye kiti chake cha kamba, mwembamba zaidi, blanketi mapajani.

Ilikuwa Jumapili moja mwishoni mwa Aprili 2025, niko Mbagala nafua, simu ikaita. Namba ya mama mdogo, lakini sauti ya bibi, ambaye huwa anaongea na simu kwa kupiga kelele kwa sababu Dar ni mbali.

"Wamekuja!"

"Nani, bibi?"

"Hao! Dume limekuja na jike. Ila jike hili siyo lile la mwanzo, hili lina maringo." Nikasikia anafukuza kuku. Nikasikia upepo, kikohozi kidogo, kiti kikilia. Nilidhani simu imekatika.

"Mume wangu."

"Naam, bibi."

"Utakuja lini?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi unaokuja, nikipata changu cha makala.

"Njoo," akasema. "Fyekeo nimeliuza."